Kisiwa Kisilale Bila Mtu

Mlipoachana nami, mama alikuwa amelazwa ndani ya boti, mguu umefura kama mgomba, anapelekwa hospitali jijini Panama. Alinishika mkono.

"Nadili," akasema, "mguu huu naweza kuupoteza. Kisiwa usinipotezee."

Leo nitawaambia nilivyokishika, na nilivyokiachia.

Kwa asiyesoma ya nyuma: kisiwa chetu ni Naludub. Ukikizunguka kwa miguu, hujamaliza kutafuna kipande cha nazi umesharudi ulipoanzia. Bibi yetu alikiacha kwa binti zake watano, nao hukikaa kwa zamu, miezi minne kila mmoja. Mwenye zamu ndiye mwenye nazi, ndiye mwenye vibanda, ndiye mwenye wageni.

Sharti ni moja. Kisiwa kisilale bila mtu wa nyumba yenye zamu. Jua likizama na mtu wenu hayupo, zamu inakwenda kwa anayefuata, na jina la nyumba yenu linatolewa kwenye mzunguko.

Si zamu hiyo tu. Zamu zote, mpaka wajukuu.

Na hii ilikuwa zamu ya jua. Hutufikia mara moja kila miaka mitano. Nyingine zote kwetu ni mvua. Iliyopita nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alikuwa hai.

Sasa tulibaki wawili, mimi na kaka yangu Delfino. Anayetufuata kwa zamu alikuwa Mama Mkubwa Otilia, dada yake mama. Kila asubuhi Mama Mkubwa alipita na mtumbwi wake karibu na ufuko wetu, akapunguza kasia, akatazama kama jikoni kuna moshi.

"Mpo?" alikuwa akiuliza.

"Tupo, Mama Mkubwa!" Delfino alijibu. "Karibu kahawa!"

"Siku nyingine."

Siku ya kumi bila mama, wageni wakaja.

Walikuwa wazee wawili wa jijini. Bibi Zoraida alikuwa mwalimu mstaafu, na mumewe, Mzee Efraín, alivaa kofia ya ukindu pana kama ungo. Waliletwa na Eriberto, nahodha wa boti, kijana wa kijijini kwetu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Bibi Zoraida alikuwa na daftari mkononi hata kabla hajashuka.

"Visiwa mia tatu na ushee," alisema, "na mimi nina siku saba. Sitaki kukosea. Mwaka jana tulikosea, tukakaa wiki nzima tunatazama mvua."

"Tukacheza karata," akasema Mzee Efraín.

"Ukaniibia karata."

"Mvua ilikuwa nyingi, mke wangu. Mtu afanye nini?"

Bibi Zoraida akanigeukia. "Haya, binti. Jua hapa linafika saa ngapi? Upepo unatoka wapi? Usubi je?"

Majibu yote nilikuwa nayo. Upande wa kaskazini, ambako boti zinafika, msimu huu upepo hupiga mpaka unatafuna mchanga. Lakini ukivuka minazi ukatokea kusini, kuna kijighuba. Maji yametulia, jua linakaa kutwa, usubi hakuna kwa sababu matope hakuna. Angeketi pale siku saba, asingelifungua tena daftari lake.

Nikafungua mdomo. Yakatoka haya:

"Sijui, mama."

Niwaeleze, ili msinicheke. Nikiwa darasa la nne mwalimu aliniambia nisimame nisome mbele ya wenzangu. Nilisimama. Herufi zikanikimbia, miguu ikalowa, na darasa zima likaona. Siku ile nilitoka shuleni nikatembea hadi nyumbani, na sikurudi tena. Tangu hapo, mtu akiniuliza jambo mbele ya watu wawili, nahisi joto lile lile linashuka miguuni.

Basi nikavuta kitambaa changu chekundu cha kichwani mpaka kwenye nyusi, nikatazama chini.

Bibi Zoraida akaketi upande ule ule wa upepo. Robo saa tu, mchanga ukawa umejaa kwenye kahawa yake.

"Nne juu ya kumi," akasema, akaandika. "Nahodha, twende tuone vingine. Na huyu binti tutamchukua."

"Huyu?" Eriberto akacheka. "Bibi, huyu haongei. Nimemjua tangu tukiwa watoto. Nimesikia sauti yake mara tatu, na moja alikuwa ameumwa na kaa."

"Ndiyo maana namtaka. Wewe kila kisiwa unasema ni peponi. Huyu hasemi kitu, nitamsoma machoni."

Nikamtazama Delfino. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka majini, kambakoche wawili mkononi, meno yote nje.

"Siwezi kwenda," nikamnong'oneza. "Kisiwa."

"Mimi ni jiwe? Mimi nipo."

"Usiondoke, kaka."

"Niende wapi? Kuna basi hapa?" Akanisukuma bega. "Nenda, Nadili. Ukikataa, watahamia kwa wengine, na mama akirudi atakuta vibanda vitupu. Ukirudi utakuta nimekupikia hawa."

Nikapanda boti.

Sasa niwape siri ya Delfino, maana bila hiyo hamtaelewa. Kaka yangu alikuwa na miaka ishirini na mitatu, hana mke. Kijijini, karibu na gati, kuna nyumba inayooka mikate midogo, na binti wa nyumba hiyo anaitwa Nixia. Tulipokuwa kijijini, kabla ya zamu, Delfino alikwenda kununua mkate asubuhi na jioni. Mkate wenyewe aliwapa kuku. Kaka yangu hapendi mkate.

Alikuwa akingoja. Kwetu mwanamume haposi. Baba wa binti ndiye anayechagua, na kijana mwenyewe haambiwi. Siku ikifika, vijana wenzake humvamia popote alipo, wakambeba juu juu, wakaenda kumlaza kwenye bembea ya kulalia pamoja na binti. Tangu hapo huhesabiwa mtu wa nyumba ya mkewe.

Hilo nililijua tangu nina akili. Kijana asiye na mke si mlinzi wa kuachiwa kisiwa. Lakini alikuwa kaka yangu, na aliniambia yupo.

Kisiwa cha kwanza tulichokwenda kinaitwa cha Kaa. Tulisikia muziki kabla hatujaona minazi. Boti kumi na mbili zilikuwa zimepangwa ufukoni, vijana wanapiga mpira wa wavu, mtu amelala juu ya meza.

"Hapa ndipo penye raha, bibi!" Eriberto akasema.

"Hapa ni soko limemwagiwa bahari," akasema Bibi Zoraida. "Tatu."

"Mbili ni za yule aliyelala mezani," akasema Mzee Efraín. "Yeye amepata alichokuja kutafuta."

Wakala samaki pale, wakapumzika. Mimi nilikuwa natazama jua tu. Saa nane. Saa tisa. Nilitamani kusema turudi. Kila nilipojiandaa, Bibi Zoraida alikuwa akisema jambo jingine.

Kisiwa cha pili kilikuwa cha Kasa. Kimya. Hakuna mtu, hakuna kibanda, jua limetandaa mchangani, maji hayatikisiki. Bibi Zoraida akafumba macho akavuta pumzi.

"Efraín. Ni hapa."

"Ni hapa," mzee akakubali.

"Nane! Hapana, tisa!" Akaandika.

Nilijua nyuma ya kisiwa kile kuna mikoko. Nilijua usubi huamka jua likilegea. Nikarudi botini.

Paa! Mzee Efraín akajipiga shingoni. Paa! Sikioni. Kisha wote wawili wakawa wanajipiga kama watu wanaogombana na nafsi zao, huku Eriberto ameingia majini na nguo.

"Binti!" Bibi Zoraida alipiga kelele akikimbilia botini. "Ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulijua, ukatutazama tunatafunwa?"

"Hukuniuliza, mama."

Akasimama. Alinitazama kwa muda, nadhani alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake. Akafunga daftari.

"Haya. Kosa ni langu. Sasa nakuuliza. Wewe ungekuwa na siku saba, ungechagua kisiwa gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza ningechagua nini. Joto likaanza kushuka. Lakini nikafikiria jua lilipokuwa, nikajilazimisha.

"Chetu. Ila si pale mlipokaa. Ng'ambo ya minazi, upande wa kusini. Upepo haufiki. Usubi hakuna."

Wote watatu wakanikodolea macho.

"Tumezunguka kutwa," Bibi Zoraida akasema taratibu, "tukitafuta mahali ambapo ulikuwa umesimama?"

"Ndiyo, mama."

Mzee Efraín akacheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, nilikwambia mimi, ukitaka kujua kisiwa muulize anayekifagia."

Ilikuwa saa kumi na moja. Kutoka pale hadi Naludub ni mwendo wa karibu saa nzima. Jua huzama saa kumi na mbili na kidogo. Tungefika. Na kama tusingefika, Delfino yupo.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia tulipoiona ile boti nyingine.

Ilikuwa inatoka upande wa kwetu, inaelekea kijijini, imejaa vijana. Walikuwa wanapiga vifijo na kugonga makasia. Katikati yao mtu alikuwa ameinuliwa juu ya mikono, amelala chali, miguu inapiga hewa.

"Ehee!" Eriberto akapaza sauti. "Wamepata mume! Nani huyo? Nani wamemnasa?"

Yule mtu akageuza kichwa. Alikuwa Delfino.

Alikuwa anacheka na kupigana kwa wakati mmoja. Akaniona. Kicheko kikamkatika usoni.

"Nadili!" alipiga kelele. "Kisiwa! Nadili, kisi..."

Mmoja akamziba mdomo kwa mchezo, wengine wakashangilia, boti ikatupita. Upepo ukachukua yaliyobaki.

"Nyumba gani?" Eriberto aliwauliza kwa sauti.

"Ya mikate!" wakajibu.

Nixia. Kaka yangu alikuwa amepata alichokingoja miaka miwili, na amekipata saa kumi na moja na robo ya siku hiyo.

"Mbona umepauka?" Bibi Zoraida akaniuliza. "Si harusi hiyo?"

"Harusi, mama."

"Sasa tatizo nini?"

Ningeweza kumwambia kwa maneno machache. Nilimwambia Eriberto tu, sikioni: "Kimbiza."

Akaelewa. Akaizidishia mashine moto, pua ya boti ikainuka. Na hapo ndipo kofia ya Mzee Efraín ikaruka.

"Kofia yangu!"

"Iache, Efraín."

"Ilikuwa ya marehemu kaka yangu! Nahodha, geuza!"

Eriberto akanitazama. Alikuwa ananingojea mimi. Neno moja tu: hapana. Mzee mwenyewe angesikia, ni mtu mwema, angelielewa. Lakini alikuwa amesimama, kipara chake kinang'aa, ananyoosha mkono majini kwa uchungu, na mimi nikatazama chini.

Eriberto akageuza boti.

Tukaifikia kofia, wimbi likaisogeza. Tukaizunguka, likaisogeza tena. Mara ya tatu Mzee Efraín akaipata kwa ncha ya kasia, akaikamua, akaivaa imelowa.

"Asanteni, wanangu," akasema. "Mungu awalipe."

Nilianza kuiona minazi yetu wakati jua likigusa milima ya bara. Likabaki nusu. Likabaki kama ukucha. Eriberto alikuwa ameinama mbele kana kwamba anaisukuma boti kwa kifua.

Ukucha ukazama.

Tukafika ufukoni kukiwa bado na mwanga. Jikoni kwetu moshi ulikuwa unapanda, mzuri, umenyooka. Mama Mkubwa Otilia alikuwa ameketi kwenye bembea ya mama, anapepea moto kwa kipepeo cha mama.

"Karibuni, wageni," akasema kwa upole. "Karibu, mwanangu. Kambakoche wako tayari."

"Mama Mkubwa..."

"Nimefika saa kumi na moja na nusu, hakuna mtu. Nimeita, hakuna mtu. Jua limezama, nani alikuwa hapa? Niambie wewe."

Nikavuta kitambaa changu mpaka kwenye nyusi.

"Mimi nilikuwa hapa," akajijibu. "Kesho asubuhi tutakwenda nyumba ya mkutano. Utasema mbele ya mkuu. Kula kwanza."

Eriberto hakuweza kuvumilia. "Mama Otilia, ni nani aliyempelekea baba yake Nixia jina la Delfino?"

Mama Mkubwa akaendelea kupepea. "Mimi. Mtoto alikuwa anamaliza mikate ya watu bure. Nimemfanyia ubaya?"

"Leo? Umechagua leo?"

"Baba yake binti ndiye aliyechagua siku. Mimi nilisema tu kijana anapatikana wapi." Akanitazama, na sauti ikashuka. "Zamu yangu ya jua, mume wangu alikuwa anakufa. Nilikaa kibandani nikimpepea, wageni wakapita wakaenda kwingine. Mama yako alinipa pole. Zamu hakunipa."

Jamani, nilitamani kumchukia kwa ukamilifu. Hata hilo lilinishinda.

Kulipokucha Bibi Zoraida alivuka minazi akaenda upande wa kusini. Nilimwona kutoka mbali, amesimama kwenye maji yaliyotulia, uso wake kwenye jua, mikono ameiachia. Alirudi akafungua daftari, akanionyesha. Tarakimu naweza kuzisoma.

Kumi juu ya kumi.

"Kisiwa chenu ndicho," akaniambia. "Wewe mtoto unajua kuchagua."

Hakikuwa chetu tena, au kilikuwa chetu kwa saa mbili zilizobaki kabla ya mkutano. Sikumwambia. Nikaingia mtumbwini kwa Mama Mkubwa, tukapiga makasia pamoja hadi kijijini, kwa mwendo mmoja kama mama na mwana.

Kwenye gati nilimkuta Delfino.

Alikuwa na shoka begani, anamfuata baba mkwe kwenda mtumbwini. Asubuhi ya kwanza bwana harusi huenda bara kukata kuni. Akizirudisha akazitua mbele ya jiko la mama mkwe, ndoa imefungwa. Usiku akiruka bembeani akakimbia, hakuna wa kumlaumu. Wengi hukimbia kwa adabu tu, wakakamatwa tena. Lakini kwetu akizikataa kuni asubuhi, amemkataa binti mbele ya watu, na mlango ule hautamfungukia maisha yake yote.

Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa mzuri kumtazama. Nyuma yake, mlangoni, Nixia alikuwa amesimama akijifanya kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Nilipiga kelele," Delfino akaninong'oneza. "Hawakunisikia. Nadili, mliwahi? Kisiwa kipo?"

Nikamtazama Nixia na ufagio wake.

"Kipo, kaka," nikasema. Sikudanganya. Kisiwa kipo tu, hakiendi popote.

Mabega yake yakashuka kwa raha. "Nilijua. Nilijua utawahi." Akapanda mtumbwi, akaketi vibaya, akataka kuanguka, baba mkwe akamcheka.

Eriberto alikuwa amesimama kando yangu. "Kaka yako hajui?"

"Usimwambie."

"Nadili, akijua..."

"Usimwambie, Eriberto. Nakuomba."

Akatema mate majini, akaondoka bila kunijibu. Mtu ambaye mdomo wake haupumziki akaondoka bila neno. Ningepaswa kuogopa hapo hapo.

Nyumba ya mkutano ilikuwa imejaa. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mabenchi na mola zao magotini, vile vitambaa vya nakshi vya blauzi zetu, wanashona huku wanasikiliza, sindano zinapanda na kushuka. Mkuu wetu, sagla, alikuwa amelala kwenye bembea yake katikati, kofia usoni. Pembeni yake ameketi msemaji wake.

Mama Mkubwa akasema yake. Kisiwa kililala bila mtu wa nyumba ya Amelia. Amelia ndiye mama yangu.

"Delfino alikuwepo," mwanamume mmoja akasema kutoka nyuma.

"Delfino ni mtu wa nyumba ya mikate tangu jana alasiri," Mama Mkubwa akajibu.

"Kuni hajaleta!"

"Ataleta!"

Wakapigiana kelele. Mkuu akainua kofia, pakawa kimya. Alisema kwa sauti ndogo, na msemaji wake akatufungulia maneno.

"Mkuu anasema hivi. Kuni hazijatua. Delfino bado ni mtoto wa Amelia. Kama aliachwa kisiwani kulinda, akabebwa kwa nguvu, basi kisiwa hakikuachwa; kiliporwa mlinzi wake. Arudishwe leo, kabla ya kuni, akae kule mpaka zamu iishe, na harusi hiyo haipo. Kama hakuachwa na mtu, basi harusi ni harusi, na zamu ni ya Otilia. Mama yao hayupo. Anayejua ni mmoja tu."

Akanigeukia.

"Nadili, binti wa Amelia. Simama. Ulimwacha nani kisiwani?"

Nikasimama.

Sindano zikatulia. Macho mia mbili. Joto lile la darasa la nne likaanza kushuka, nikayabana magoti.

Karibu na mlango alikuwa ameketi mama yake Nixia, ametoka kufagia jiko lake kwa ajili ya kuni. Majivu yalikuwa bado kwenye vidole. Nixia alikuwa nyuma yake, ufagio wake bado mapajani. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, kama mtu anayengojea kusomewa jina kwenye orodha.

Nikasikia sauti ya mama: kisiwa usinipotezee.

Nikawaona kuku wetu wakila mikate, asubuhi na jioni, miaka miwili.

"Sikumwacha mtu," nikasema.

"Sema usikike."

"Sikumwacha mtu!" Sauti ilitoka kubwa mpaka mwenyewe nikashtuka. "Delfino alipita tu kuvua. Kisiwa nilikiacha kitupu mimi, kwa ujinga wangu."

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza maishani ndani ya nyumba ile. Yalikuwa ya uongo, na sikutetemeka hata kidogo.

Mkuu alinitazama sana. Nadhani alijua. Akarudisha kofia usoni.

"Mmesikia," msemaji akasema. "Zamu ni ya Otilia. Jina la Amelia litolewe kwenye mzunguko."

Mama Mkubwa hakushangilia. Alijifunika uso kwa kitambaa chake. Mimi nikaketi, na kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke nikahisi nimefanya jambo moja lililonyooka. Nimepoteza kisiwa, nikajiambia, lakini nimemwokoa mtu.

Ndipo tukasikia mbio nje.

Watu wa mlangoni wakapisha. Aliingia Delfino, amelowa hadi kifuani, anahema, mchubuko mrefu shavuni. Nyuma yake Eriberto, hanitazami.

Wote tulimtazama sehemu moja. Mikononi.

Ilikuwa mitupu.

Mama yake Nixia akasimama polepole. Nixia hakusimama. Ulisikika ufagio tu, ukianguka.

"Nimezikataa kuni," Delfino akamwambia mkuu. "Eriberto ameniambia yote. Mimi ndiye niliyeachwa kisiwani kulinda. Nirudisheni kule, na zamu ibaki kwa mama yangu."

Msemaji alitazama chini. Mkuu hakuinua kofia.

Kaka yangu akageuka huku na huku, hajui kwa nini tumekaa kimya vile. Akaniona. Akajaribu kutabasamu, kama mtu aliyekuletea zawadi kutoka mbali.

"Nadili," akasema. "Waambie."